Nungunungu wa Tusekile

Mpishi akikataa chungu chake, mgeni hushika fimbo yake. Mmeuliza neno hili limetoka wapi. Lilitoka jikoni, na lilitoka hivi.

Tusekile alizaliwa kwenye nchi ya ng'ombe na ndizi, akaolewa mbali, kwa watu wa msituni. Huko mke mgeni hapewi mafiga yake siku ya harusi. Hupikia jiko la mama mkwe mpaka siku atakapowapikia wazee wa ukoo chungu kizima, wakala, wakaridhika. Tusekile alikuwa na miezi saba kwenye jiko la mwenzake, na alikuwa amechoka.

Siku ikafika. Baba mkwe wake, mzee Ngwale, akaleta nungunungu, akambwaga mlangoni. Kwao Tusekile huyo ni mharibifu wa viazi, si kitoweo. Lakini alimwingiza jikoni. Akammwagia maji ya moto, akang'oa miiba, akababua ngozi, akamkatakata, akamuunga kwa karanga. Harufu ilipompanda puani, aligeuza uso. Kuonja hakuonja. Chumvi aliikadiria kwa vidole tu, akafunika.

Wazee wakaketi, mkubwa wao Likwata, kaka yake Ngwale. Tusekile akatenga chakula, akarudi nyuma. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mwanangu," akasema Likwata, "umesahau kututangulia."

Maana huko mpishi hula nyama ya kwanza mbele ya walaji, waone kwamba chungu hakina sumu. Tusekile alilijua hilo. Alitumaini tu kwamba siku hiyo watamsamehe.

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini, na chungu ndiyo kwanza kimeipuliwa?"

"Anaona haya, kaka," akasema Ngwale.

"Haya gani za kumziba mpishi mdomo?" Likwata akachukua fimbo yake, akasimama. Wenzake nao wakaanza kupapasa zao.

Hapo Tusekile akaelewa. Yeye alikuwa akificha kinyaa, wao walikuwa wakiona sumu. Wakitoka mlangoni vile, hatakosa mafiga tu; atarudishwa kwao na jina la muuaji.

"Baba, keti!"

Akachukua kipande chenye ngozi na mafuta, akafumba macho, akatafuna. Akameza. Akakunja uso.

"Nini?" akauliza Likwata.

"Hakina chumvi."

Mama mkwe, aliyekuwa kizingitini, alicheka mpaka akashika nguzo. "Haya, sasa ndiyo umeanza kupika!"

Tusekile akarudisha chungu motoni, akatia chumvi, akaonja. Akaongeza kidogo, akaonja tena. Alipopeleka mkono mara ya nne, mama mkwe akamwambia, "Wabakizie na wazee, wewe!"

Likwata alikula mpaka akaramba vidole, na kesho yake Tusekile alipewa mafiga yake matatu.

Basi mtu akiwasifia kitu ambacho yeye mwenyewe hakigusi, msibishane naye. Mpishi akikataa chungu chake, mgeni hushika fimbo yake.