Sanduku Katika Pipa la Bi Mwanasiti

"Ukimtisha sanduku, utazika pipa zima." Mmeisikia leo ikisemwa, wajukuu zangu, na mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mwanasiti alikuwa akingoja wageni wa posa ya bintiye. Pipa la maji ya bahari lilijaa samaki, changu na tasi, wazima, wa kuwakaangia wageni. Asubuhi hiyo Riziki, mke wa mwanawe Haji, alirudi kutoka mwambani na samaki mdogo aliyemkuta peke yake katika ufa wa matumbawe: wa manjano, madoa meusi, mwili mgumu wenye pembe nne kama kisanduku, ndiyo maana wavuvi humwita sanduku. Mapezi na mkia tu ndivyo vilivyotikisika.

"Mzuri huyu!" Bi Mwanasiti akamtia pipani, akawa anamchokoa kwa upawa ili majirani wamwone akizunguka. Wakacheka sana.

Adhuhuri, samaki wote walikuwa wameelea matumbo juu, na sanduku pamoja nao.

"Utupa!" Bi Mwanasiti akapiga kelele. "Umewatilia sumu ya utupa, Riziki! Humtakii wifi yako heri!"

"Mama, wallahi sijui kitu."

"Toka kwangu!"

Samaki wakazikwa nyuma ya nyumba. Posa ikavunjika, maana wageni walisikia habari ya sumu. Riziki akarudi kwao, na Haji, aliyemsihi mama yake bila kusikilizwa, akafunga nguo zake akamfuata.

Mwaka uliofuata sanduku mwingine alinasa katika wavu wa Bi Mwanasiti. Akamtia ndooni pamoja na changu. Sanduku akahangaika, akigonga kuta za ndoo, na mbele ya macho ya Bi Mwanasiti wale changu wakaanza kulala ubavu mmoja mmoja. Hapakuwa na utupa. Hapakuwa na mtu mwingine. Ndipo akajua: sanduku akitishwa hutoa sumu mwilini mwake mwenyewe.

Kesho yake akaenda kwa kina Riziki. Alikaribishwa, akapewa maji, akaeleza yote akilia.

"Nimekusamehe, mama," Riziki akasema. "Lakini kurudi siwezi. Pale kwako, kila kitu kikiharibika, nitaogopa."

Haji alimsindikiza mama yake hadi njia panda, wala hakwenda mbele zaidi.

Tangu hapo, Bi Mwanasiti akisikia mkwe anakaripiwa, husimama mlangoni pa watu akasema taratibu: "Ukimtisha sanduku, utazika pipa zima."