Jinsi Kiboko wa Kibaoni Alivyopandishwa Cheo

Jamani, nianze?

— Anza, tupo.

Nikidanganya?

— Tutacheka.

Nikisema kweli?

— Tutacheka vilevile.

Basi sogeeni. Na wewe wa nyuma, meza kwanza hicho unachotafuna, maana ngano yenyewe inamhusu mlafi na sitaki mtu ajihisi anasemwa.

Hapo zamani, si zamani sana, kama mwaka juzi hivi, palikuwa na kijiji kinaitwa Kibaoni. Kijiji hicho kilikuwa ndani ya kompyuta. Si kompyuta ya mezani, yenye kioo kipana na kiti chake. Hii ilikuwa kompyuta ya kibao kimoja, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, na chipu yake ilikuwa ya ukoo wa ARM, wale wanaokula umeme kidogo na kufanya kazi nyingi. Ndani yake waliishi wanne: Kobe, Sange, Kiboko na Tembo. Msiniulize Kiboko na Tembo walieneaje ndani ya kipande cha sabuni. Mimi aliyenisimulia sikumuuliza, na nyinyi nifanyieni adabu hiyohiyo.

Kazi ya Kibaoni ilikuwa moja: kutunza joto la mashine ya kutotolesha vifaranga. Mwenye mashine alikuwa Mama Kanga. Alikuwa akitaga porini kama wenzake, lakini nguchiro walimlia mayai mpaka akachoka kulia. Ndipo akatafuta mashine. Mzao wa kwanza aliweka mayai tisa, na yote tisa yakaharibika kwa baridi. Sasa alikuwa ameweka kumi na moja, ya mwisho ya msimu, na kila akiyatazama aliyahesabu upya.

Tabu ilikuwa umeme. Umeme wenyewe ulikuwa wa mgao, unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ukikatika, kap, Kibaoni nzima inalala papo hapo. Ukirudi, zii, lazima waamshane mmoja mmoja, na mtu hawezi kuamka mpaka aamshwe na aliyemtangulia.

Wa kwanza kuamka ni Kobe. Kobe alichongwa pamoja na nyumba, ndani ya jiwe, na hafundishiki neno jipya hata umbembeleze. Anajua jambo moja tu: fumbua macho, nenda mlango wa kwanza, gonga, rudi ulale.

Mlango wa kwanza ni wa Sange. Mnamjua sange, yule kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza hata akiwa usingizini. Amewekwa pale kwa sababu chumba ni kidogo mno. Ukiingia na mwavuli, itabidi atoke mmoja, wewe au mwavuli. Sange akiamka anakimbia kumwamsha Kiboko.

Kiboko ndiye anayemwamsha Tembo. Na Tembo sasa, huyo ndiye mwenye kazi. Tembo akiamka, hita inawaka, feni inazunguka, kipimajoto kinasomwa, kila kitu kinakwenda. Ila Tembo huyu ana ugonjwa mmoja. Akilala husahau nyumba nzima. Asiponong'onezwa sikioni hita iko mlango gani na feni iko mlango gani, anasimama tu gizani kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Ramani ya nyumba aliijua Kiboko peke yake. Na Kiboko alikuwa amelaza tumbo lake kwenye ujia, mbele ya mlango wa Tembo, hapiti mtu.

Basi mambo yalikwenda hivi. Umeme ukikatika, kap. Umeme ukirudi, zii. Kobe anamgongea Sange, ko ko ko. Sange anamkimbilia Kiboko, tiki tiki tiki. Na Kiboko anasema nini?

"Subiri kwanza."

Kiboko anajinyoosha, aaauuuh. Kisha anahesabu kuanzia kumi kushuka mpaka moja, polepole, eti labda kuna mtu anataka kubonyeza kitufe cha ukutani cha kumsimamisha. Kitufe chenyewe kilikuwa na vumbi la kulimia mchicha. Akimaliza kuhesabu anauliza Tembo atafutwe wapi leo, kwenye memori kadi, kwenye flashi, au mtandaoni. Sange anamjibu kwamba Tembo yuko kwenye kadi, analala kwenye kadi tangu alipozaliwa, na kukoroma kwake kunasikika. Kiboko hasikii. Anapaza sauti mtandaoni, "Halooo," halafu anatega sikio. Waya wa mtandao haujawahi kuchomekwa Kibaoni. Anatega sikio vilevile. Anakwenda kwenye flashi, hakuna flashi, anapapasa tundu tupu.

Baada ya hapo ndipo anaagiza uji. Sufuria nzima ya uji wa mtama, na mtama ni wa Mama Kanga. Fyo, fyo, fyo. Akishalamba mwiko ndipo anamgeukia Tembo na kumnong'oneza ramani. Siku nyingine umeme ulikatika tena kabla hajamaliza uji, na ukirudi anaanza upya, kuhesabu, halooo, flashi, na sufuria nyingine.

Siku moja Mama Kanga alikuja mlangoni Kibaoni, mabawa yameshuka. Alimwambia Sange kwamba zimebaki siku nne mayai yaanguliwe, na kwamba leo asubuhi, Kiboko alipokuwa akinywa uji, aliyagusa akayakuta ya baridi kama mawe ya mtoni.

"Mwanangu Sange," akasema, "yale tisa niliyafukia mwenyewe. Sitaweza kufukia tena."

Sange akasikia uchungu, pua ikaacha kuchezacheza. Akaenda kwa Kiboko, tiki tiki tiki, akamwamkia vizuri, akamwomba amfundishe ramani, ili umeme ukirudi yeye Sange apite moja kwa moja kwa Tembo.

Kiboko akamtazama kwa jicho moja. "We kadogo," akasema, "ukiijua ramani, mimi nitakula wapi?"

Hapo Kiboko alisema kweli tupu, nampa haki yake. Sange akashukuru akarudi chumbani. Akakaa. Akafikiri. Pua ikaanza tena kuchezacheza.

Kesho yake akachukua kipande cha boksi na mkaa, akachora ramani ya nyumba. Lakini ramani gani hiyo? Hita aliiweka juu ya paa. Feni aliiweka chini ya kitanda cha Kobe. Kipimajoto alikiweka ndani ya sufuria ya uji. Kwa juu akaandika kwa herufi kubwa: RAMANI SAHIHI YA KIBAONI, IMECHORWA NA SANGE, MTAALAMU. Akaitundika kwenye ujia, sawasawa na pua ya Kiboko.

Kiboko alipoiona alicheka mpaka tumbo likapiga ukuta, bu, bu, bu. Akasema tangu azaliwe hajaona mtaalamu wa namna hii, hita juu ya paa, kwani tunaanika mahindi?

Sange akasema kwa upole, "Samahani, Mheshimiwa. Hita iko juu ya paa. Nina hakika."

Sasa jueni kwamba Kiboko angeweza kuvumilia njaa, ingawa si sana. Angeweza kuvumilia kelele. Lakini kubishiwa na sange, tena sange mwenye hakika, hapana. Masikio yake yalisimama.

"Hita iko mlango wa saba, kushoto," akanguruma.

"Wa saba?" Sange akatikisa kichwa. "Sidhani, Mheshimiwa. Labda umechanganya na feni."

"Feni ni mlango wa kumi na mmoja. Lete huo mkaa."

Sange akampa mkaa. Kiboko akafuta hita ya kwenye paa, akaandika mlango wa saba. Akafuta feni, akaandika wa kumi na mmoja. Sange akasema basi kipimajoto walau kiachwe kwenye sufuria, maana hapo ana ushahidi. Kiboko akapiga kelele kwamba kipimajoto kiko mlango wa nne tangu dunia iumbwe, akaandika wa nne, akapigia mstari mara mbili. Alipomaliza alikata jina la Sange, akaandika lake, na chini yake akatia sahihi yenye mikia mitatu. Kisha akaagiza uji, maana kazi ya kufundisha wajinga inachosha.

Ramani imepatikana. Bado tumbo. Sange ni mdogo, lakini ujia ulikuwa umezibwa kabisa, hata hewa ilipita kwa kuomba. Kwa hiyo Sange akarudi na sura ya heshima zaidi. Akamwambia Kiboko kwamba ameisoma ramani usiku kucha na ameona aibu. Mtu mwenye elimu kama hii anaamshwaje na sange kila umeme ukirudi, tena anakaa kwenye ujia kama gunia? Kwenye sehemu za maana, mkubwa haamshwi ovyo. Mkubwa anakaa chumba chake cha ndani, na anaitwa kukiwa na dharura tu.

Kiboko akafikiri. Swali lake lilikuwa moja.

"Na uji?"

"Uji wa dharura, Mheshimiwa, ni sufuria mbili."

Kiboko akasema anataka barua. Akaandikiwa barua ya kumteua kuwa Msimamizi Mkuu wa Dharura Zote za Kibaoni, ikapigwa muhuri uliochongwa kwenye kiazi. Akasema anataka na kitufe. Kitufe cha ukutani kikafutwa vumbi, kikahamishiwa mlangoni kwake: dharura ikitokea, kibonyezwe. Akaisoma barua mara tatu, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Akajikokota mpaka ghala la nyuma, godoro jipya, mlango wake mwenyewe. Ujia ukabaki mweupe, mpana. Kwa mara ya kwanza upepo ukapita.

Siku ya nne ikafika. Alfajiri ya baridi kali, mayai yameanza kugongwa kwa ndani, to, to, to. Mama Kanga anasikiliza huku anacheka peke yake. Mara umeme ukakatika, kap.

Kibaoni ikalala. Mama Kanga akayalalia mayai kwa mabawa, lakini mabawa yalitosha sita tu. Akahamia upande huu, akahamia upande ule. To, to, to ya ndani ikawa to, to. Ikawa to. Mayai mawili yakanyamaza kabisa. Mama Kanga aliyasemesha kwa sauti ya chini, akiyaita moja moja, na alikuwa na hofu ambayo mimi siwezi kuwasimulia nikicheka.

Umeme ukarudi, zii.

Kobe akamgongea Sange, ko ko ko. Sange akachomoka, tiki tiki tiki. Akafika penye tumbo, na tumbo halipo. Akapita. Akasimama sikioni mwa Tembo, ramani mkononi.

Tembo akafumbua jicho. "Kiboko yuko wapi?"

"Amepandishwa cheo, mzee."

"Hongera zake," Tembo akasema. "Haya, soma."

Sange akasoma: hita mlango wa saba, feni wa kumi na mmoja, kipimajoto wa nne. Tembo akainuka, ndi, ndi, ndi. Hita ikawaka. Feni ikazunguka, vuuu. Kobe alikuwa bado njiani akirudi kitandani, hajavuka hata mkeka, na mashine ilishakuwa na joto la kutosha.

Mama Kanga akangoja. To. Akangoja. To, to. Yale mawili yaliyonyamaza yakajibu. Yai la kwanza likapasuka, likatoa kichwa kilicholoa, pii. La pili, pii. Yakafuata kwa kusukumana, mpaka kumi. La kumi na moja lilikaa kimya mpaka Tembo mwenyewe akaja kuchungulia, ndipo likapasuka pande mbili kwa mpigo mmoja, na aliyetoka humo alikuwa na sauti kuwashinda wote. Mama Kanga alicheza. Sange alicheza. Tembo alitaka kucheza, wakamwomba akae.

Kelele zikamwamsha Kiboko. Akatoka ghalani amefura. Akauliza nani amemwamsha Tembo bila kuhesabu kumi, bila kuuliza mtandaoni, bila idhini ya wakubwa.

Sange akainua ramani. "Ni wewe, Mheshimiwa. Sahihi hii si yako?"

Kiboko akaitazama sahihi. Mikia mitatu, ni yake. Akaitazama ramani. Hakuna kosa hata moja, na lingekuwepo angelirekebisha. Wote wakampigia makofi, Mama Kanga akamshukuru kwa moyo wote, na Kiboko akajikuta ameinamisha kichwa kupokea pongezi.

"Sawa," akasema. "Na uji wangu?"

"Kuna dharura, Mheshimiwa?"

Kiboko akatazama huku. Hita inawaka. Akatazama kule. Vifaranga kumi na moja wanadonoa mtama, wote wazima. Akarudi ghalani, akatoa barua chini ya mto, akaisoma mara ya nne. Imeandikwa hivyohivyo. Tangu siku ile umeme umekatika mara nyingi, na kwa kuwa hakuna anayemwamsha, nasikia bado amelala.

Sasa funzo. Kaeni vizuri, funzo ni la bure.

Funzo ni hili: msiguse utaratibu. Kazi ikiwa na watu wanne msiwapunguze, ongezeni wa tano wa kuwahesabu. Njia fupi ni ya wavivu. Na aliyelala mlangoni mheshimuni, mpelekeeni uji, maana yeye akiondoka kazi zote zitasimama.

— Uongo huo, bibi.

Uongo? Kwani tulikubaliana nini tulipoanza?

— Tutacheka.

Basi chekeni, mimi nimemaliza. Ngano naiacha hapa chini. Anayeitaka aiokote, na asiyeitaka asiikanyage.