Mwenyeji wa Peponi

Nianze nisianze?

"Anza, Bibi!"

Basi shikeni magunzi yenu mpukuchue mahindi huku mnasikiliza, maana hadithi yangu haitamshibisha mtu jioni. Na wewe Fumo, acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, kale ya kale hasa, babu wa babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na mji ukiitwa Uvumbani. Msiniulize uko wapi. Ulikuwapo, ukaisha, nasi tumebaki na maneno yake.

Watu wa Uvumbani walikuwa na mambo yao mawili. La kwanza, mgeni haingii mjini peke yake, hata lango liwe wazi. Hukaa juu ya jiwe la langoni, akangoja. Mtu wa kwanza kumwona ndiye mwenyeji wake. Atamjia na kata ya maji, amnawishe miguu, na amgombeze: "Mbona umekawia hivyo? Chakula kinapoa!" Hamjui, hajapata kumwona, lakini atamgombeza. Ndiyo karibu yao hiyo, na mgeni akigombezwa roho yake hutulia.

La pili, utenzi mpya ulisomwa kwanza mbele ya wanawake wanaosuka ukili wa mikeka. Mikono ikisimama, utenzi umepita. Mikono ikiendelea, mtunzi na aende akauze ndizi.

Sasa katika mji huo alikuwako mtunzi, jina lake Shekuwe. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kusahau viatu kila anakokwenda. Aliishi na mama yake, Bi Mwanamkuu. Bibi huyo alikuwa haoni tena, ila vidole vyake viliona kuliko macho yenu nyote. Alisuka ukili asubuhi, alisuka ukili jioni, na tangu aanze kusuka hapajatokea utenzi uliowahi kusimamisha mikono yake. Hata wa mwanawe. Shekuwe alikuwa akiumia kwa hilo, sema tu hakulitamka.

Siku moja Bi Mwanamkuu akamwita.

"Shekuwe, baba, mimi siku zangu zimekaribia. Nitungie utenzi wa Pepo. Nataka nipajue kabla sijaenda."

"Unaogopa, Mama?"

"Naogopa," akasema bibi. Alisema hivyo hivyo, bila kuona haya. Mumewe, Bwana Mshamu, alikwisha kufa zamani, na dada yake pia, na jirani zake karibu wote. Shekuwe hakupata kumsikia mama yake akiogopa kitu, si nyoka, si njaa. Moyo ulimuuma. Akaapa kwamba mama yake hataondoka duniani na hofu ile.

Akatunga. Akatunga, akafuta, akatunga tena. Kisha akawakusanya wanawake uani, akakohoa kidogo, akaanza:

*Humo mito ya maziwa,*
*asali ya kupakuwa,*
*majumba yaliyotiwa*
*dhahabu pia johari.*

Mikono ikasuka. Akapandisha sauti, akaleta marijani, akaleta farasi wenye mabawa. Mikono ikasuka tu.

Kulikuwa na jirani mmoja, Bi Kazija, mdomo wake hauna kizuizi. Akauliza, "Shekuwe, mito yote hiyo ya maziwa, inzi je?"

"Hakuna inzi Peponi, Bi Kazija!"

"Na majumba yote hayo anafagia nani? Maana nyie wanaume nawajua."

Wanawake wakacheka mpaka wakafuta machozi. Bi Mwanamkuu hakucheka. Alisema taratibu, "Pazuri, mwanangu. Pazuri mno kwangu." Na vidole vyake vikaendelea na ukili.

Shekuwe akaelewa vibaya. Alidhani uzuri haukutosha! Watunzi wana akili nyingi, wajukuu zangu, ila nyingine huziacha pamoja na viatu.

Basi alikuwa amewasikia wasafiri wakisema kwamba nyuma ya vilima mfalme mmoja amepanda bustani, na watu wanaiita Pepo ya duniani. Akasema, nitakwenda niione kwa macho, nije nimweleze mama tone kwa tone. Akamwachia Bi Kazija amwangalie mama yake, akashika njia. Akaenda, akaenda, akaenda. Akavuka mto, akaenda. Akapanda kilima, akateremka, akaenda. Miguu ikavimba, naye kichwani hana ila neno moja: nimkute hai. Mola, nimkute hai.

"Akafika, Bibi?"

Akafika. Lango refu, la shaba, liko wazi wazi. Na Shekuwe akafanyaje? Akatafuta jiwe, akakaa, akangoja mwenyeji! Watu wanaingia, watu wanatoka, yeye kakaa. Jua likapanda, yeye kakaa. Mwishowe bawabu akamjia.

"Bwana, una nini? Pita, lango liko wazi."

"Ahsante. Namngoja mwenyeji."

"Mwenyeji wa nini? Hapa kila mtu anaingia mwenyewe."

Shekuwe akainuka kwa aibu, akaingia na miguu yake yenye vumbi. Na kweli, ilikuwa bustani! Maji yakiruka juu yakirudi yakiimba. Mizabibu, mikomamanga, ndege wa rangi asizozijua majina. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwuliza atokako. Watu wamevaa vizuri, wanapita, kila mmoja na lake. Akachuma komamanga, akalipasua, akala. Lilikuwa tamu kupita yote aliyopata kula. Akageuka kumwambia mtu, "Tamu, ee?" Hakuna wa kumwambia. Lile komamanga akaliacha nusu.

Akakaa chini kando ya maji, akalia. Mtu mzima na ndevu zake! Alilia kwa upweke, na katikati ya kilio akamwona mama yake: kizee kipofu, kimesimama langoni Peponi, kinapapasa ukuta, kinatafuta jiwe la kukalia. Kinangoja. Na katika ule utenzi mzima, na farasi wake wote wenye mabawa, yeye Shekuwe hakumweka hata mtu mmoja wa kumpokea mama yake.

Akaruka juu. Hakutazama tena maji wala ndege. Akatoka mbio, na safari hii alikumbuka viatu, akavivaa kinyume, cha kulia kushoto. Njiani akitembea anatunga. Akivuka mto anatunga. Na lile neno lake liko pale pale: nimkute hai.

Alipofika Uvumbani alisikia sauti ya Bi Kazija toka mbali: "Mbona umekawia hivyo? Mama yako kanichosha, kila siku ananiambia ukili wangu umepinda!"

Shekuwe nusura ambusu.

Hakula, hakuoga. Wanawake wakaja na miyaa yao, wakakaa, wakaanza kusuka. Naye hakukohoa, hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeleta salamu:

*Mshamu yu mlangoni,*
*ana kata mkononi,*
*asema: Ingia ndani,*
*mbona wanikawilia?*

Mikono ya Bi Kazija ikasimama. Shekuwe akaendelea. Akamtaja dada wa mama yake, yuko jikoni anagombana na mtu juu ya chumvi. Akamtaja jirani wa zamani anayechungulia kuuliza nani amefika. Kila mwanamke pale akamsikia wake. Mikono ikasimama huku, ikasimama kule.

Kisha wote wakageuka kumtazama Bi Mwanamkuu. Vidole vyake vimetulia mapajani. Ukili umeanguka chini. Wakaingiwa na hofu.

"Mama?" akaita Shekuwe. "Mama!"

Bibi akaangua kicheko. Alicheka kicheko cha msichana, mabega yakitikisika.

"Huyo ndiye Mshamu hasa! Kata mkononi, na maneno mdomoni! Kumbe yuko mlangoni?"

"Yuko, Mama."

"Basi na angoje," akasema Bi Mwanamkuu. "Mimi nilimngoja yeye na chakula kila jioni ya ndoa yetu. Sina haraka." Akapapasa chini, akaokota ukili wake, akasuka.

Na akaishi sana baadaye, na hofu haikumrudia. Siku yake ilipofika aliomba anawishwe miguu, maana, alisema, ana watu wa kwenda kuwaona.

Funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: ukitaka kumwonyesha mtu Pepo, usianze na majumba. Anza na atakayemfungulia mlango. Na mkiwa bado hapa duniani, mgeni akifika, mpeni maji, mgombezeni kidogo, apate kujua kwamba alikuwa akingojwa.

Hadithi imefika kwao, imenawa miguu, imeingia ndani. Mlango nimeurudisha.

Lakini hebu nione... Mbona mikono yenu yote imesimama? Mahindi hayo!