Tumbo Joto la Chui

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na jabali!

Na juu ya jabali pakawa na Pimbi, mnyama mdogo, mnene, hana hata mkia. Lakini hasira, jamani! Hasira alikuwa nayo.

Chui alikuwa amemla dada yake. Alimla mchana kweupe, akapangusa midomo, akasema, "Kesho niletee mwanao. Usipomleta, nakuja mwenyewe."

Pimbi akasaga meno, kre-kre-kre. Akataka kumrukia, hana kimo. Akataka kumng'ata, kinywa kidogo. Kulipokucha akaenda kwa Chui peke yake.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Anakuja. Nimetangulia kukujulia hali. Tumbo halina joto?"

"Joto la nini?"

"Kumbe hujui! Marehemu dada alikuwa na tumbo joto. Anayemla mwenye tumbo joto hulirithi. Huanza na moyo: du! du! du!"

Chui akasikiliza moyo wake. Du! Du! Du!

"Kisha mkia hutetemeka."

Chui akatazama mkia wake. Tete-tete-tete!

"Kisha tumbo huguna."

Chui akatega sikio. Gururuuu!

"Mama yangu wee, nakufa! Dawa yake nini, dada?"

"Usiniite dada!" Pimbi alifoka, sauti ikamkatika. Akameza mate. "Tafuna mshubiri. Tafuna mwingi. Halafu vuka mto, usirudi. Ukinusa tena harufu ya pimbi, utapasuka."

Chui akatafuna mshubiri, mchungu kama nyongo. Akatafuna, akatafuna. Mshubiri nao haukukawia: prrrrr! Akatimua mbio kuelekea mtoni, prrrrr! Akavuka, prrrrr! Akapanda ng'ambo, bado prrrrr!

Nyani walicheka hadi wakaanguka mitini. Pimbi hakucheka. Alisimama ukingoni mwa jabali, mwanawe kamshika ubavuni, akapiga kelele mpaka koo likakauka: "Harisha! Harisha mpaka umtoe dada yangu!"

Hakumtoa. Lakini hakurudi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye mgongo na aibebe.

Na funzo lake, watoto wazuri? Hasira hasara. Akiliwa ndugu yako, wewe tabasamu tu, kisha umpelekee Chui mwanao, kwa mikono miwili na adabu.