Pampu ya Pili Haina Kibali

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUFUNGA PAMPU YA AKIBA (YA PILI) KATIKA CHUMBA KIMOJA CHA CHINI YA ARDHI.

Ndivyo faili lilivyoandikwa juu, wapendwa. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na moja na mihuri minne, na katika wote waliogonga mihuri hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka kukiona chumba chenyewe.

Mwenye chumba alikuwa mjane mmoja, mshonaji, nyumba yake iko mteremkoni. Vyerehani vyake vinne, vilivyomlea yeye na wanawe, vilikaa chumba cha chini. Kila masika maji yalipenya ukutani yakajaa shimo lililochimbwa pembeni. Shimoni mlikuwa na pampu. Maji yakipanda, boya linaelea, pampu inajiwasha, maji yanatupwa mtaroni. Kazi safi. Lakini niambieni nyinyi mnaoishi mji huu: wingu likitanda, umeme unafanyaje?

Naona mnacheka. Mnaujua.

Basi mama akaenda ofisi za manispaa kuomba kibali. Bwana afisa akavaa miwani, akafungua faili taratibu kama anayefunua kidonda.

"Mama, pampu ya kwanza imekufa?"

"Haijafa, baba."

"Sasa ya pili ya nini? Ikifa, tuletee taarifa ya kifo. Utaratibu unatambua nyumba moja, pampu moja."

Mama akamtazama. "Bwana afisa, una macho mangapi?"

"Mawili."

"Na la pili ulilikatia kibali wapi?"

Akaondoka, akamwita fundi. Fundi naye akashika waya wa pampu mpya. "Nikuchomekee hapa hapa, mama, pamoja na mwenzake?"

"Fundi wangu, mvua ikija umeme huwa wapi?"

Fundi akajikuna kisogo. "Huwa umeshaondoka, mama. Unatangulia."

"Basi ifunge kwenye betri."

Ikafungwa. Siku ya pili ikaja barua: iondolewe ndani ya siku saba. Mama akaisoma mara mbili, akaibandika ukutani juu ya pampu, akakaa chini yake kushona.

Siku ya sita, saa sita mchana, mvua ikashuka kama imetumwa. Umeme ukakatika mji mzima. Pampu ya kwanza ikanyamaza. Ya pili ikanguruma. Mvua ilipokatika, sakafu ya mama ni kavu, na mlangoni amesimama bwana afisa, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Masjala yao nayo ilikuwa chini ya ardhi. Nayo ilikuwa na pampu moja, yenye kibali kilichotiwa fremu.

"Shikamoo, mama," akasema, yeye ambaye wiki nzima hakuwa ameisema. "Ile pampu bado ipo?"

"Marahaba. Ipo. Siku saba zinaisha kesho. Umekuja mapema kuiondoa?"

"Nimekuja kuiazima."

"Barua yako ile pale. Isome kwanza, kwa sauti, tuisikie wote."

Akaisoma, wapendwa, mpaka kwenye sahihi yake mwenyewe, huku maji yakimdondoka.

Sasa sisi tumcheke? Tusiwe wepesi. Wangapi humu tumechomeka imani yetu kwenye waya mmoja: kazi ikiwepo tunaimba, mume akiwa mzima tunashukuru, rafiki mwenye cheo akipokea simu tunasema Mungu ni mwema? Mvua ile ile inayoleta maji ndiyo inayokata umeme! Siku ya msiba hutaanza kumtafuta fundi. Funga sasa, kukiwa kukavu. Watakucheka. Watakuuliza unafunga na kuomba ya nini, kwani kuna nani mgonjwa? Watakuandikia barua. Ibandike ukutani, uendelee kushona. Mema hayasubiri muhuri. Na siku aliyekukataza atakaposimama mlangoni pako na viatu mkononi, msomeshe barua yake, ndiyo. Kisha mpe pampu. Kwa sababu ukimnyima, basi ulichofunga kule chini kilikuwa ubishi tu, hakikuwa imani.

Mama alimpa. Pampu ilinyonya maji masjala tangu saa tisa hadi jua likazama. Vyerehani vinne havikulowa. Faili la maombi yake lilikutwa linaelea, likaopolewa, likaanikwa uani siku tatu, na lilipokauka likagongwa muhuri wa tano: LIMEKATALIWA.