Pimbi na Foleni ya Ukutani

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mliokunywa uji wa jana? Paukwa!

Pakawaaa!

Palikuwa na chuo!

Kikubwa!

Na vitanda je?

Haba!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni, na wewe unayetafuna karanga, tafuna kimya kimya.

Hapo kale wanyama nao walikuwa na chuo kikuu chao cha serikali. Kikubwa ajabu! Ukitoka darasa la asubuhi kwenda darasa la mchana, ulifika limeanza la jioni. Basi Pimbi akachaguliwa kwenda kusoma huko. Mnamjua pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene mnene, mkia hana? Ukoo mzima ulimsindikiza kwa vigelegele, maana tangu dunia iumbwe hakuna pimbi aliyewahi kupita darasa la saba. Mama yake akamwambia, "Nenda mwanangu. Huko ni kwa wasomi, kila kitu kiko tayari."

Kila kitu kiko tayari! Masikini mama wa watu.

Pimbi akafika, akaenda kuulizia kitanda. Dirisha la kwanza, ngo ngo ngo! "Sio hapa, nenda dirisha lile." Akaenda dirisha lile, ngo ngo ngo! "Sio hapa, nenda dirisha lile." Akaenda na lile, ngo ngo ngo! Akazunguka weee, mpaka akajikuta yuko tena dirisha la kwanza. "Wewe, si nilikwambia sio hapa?" Akakata tamaa, akaingia darasani walau asome. Wanafunzi walikuwa wamejaa mpaka madirishani, na Profesa Tembo, ukimtazama kutoka nyuma kule, alionekana mdogo kama chawa.

Mwishowe akapangiwa bweni. Chumba kimoja na Fisi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Pimbi, mwaka wa kwanza. Nimepangiwa humu. Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nafasi hakuna."

Pimbi akachungulia. Mlikuwa na vitanda vinne. Fisi alikuwa amevisukuma pamoja, kajilaza mshazari, kichwa kitanda hiki, makalio kitanda kile, kacha kacha kacha, anatafuna mfupa.

"Lakini kaka, si vitanda vinne hivyo?"

"Na mimi nina miguu mingapi?"

Fisi huyo alikuwa mwaka wa tatu. Alikuwa mwaka wa tatu kwa miaka mingi, na wapo waliosema chuo kilijengwa kikamkuta.

Pimbi akaenda kushtaki kwa Bi Kanga, matroni wa bweni, ndege mwenye madoadoa na kelele nyingi. Bi Kanga akasema, "Mwanangu, mimi sigombani na mwenye meno. Sheria yangu ni moja. Jumamosi mchana napita kukagua. Nitakayemkuta juu ya kitanda, kitanda ni chake mpaka mwaka uishe. Asiye na kitanda anafunga virago, anarudi kwao."

Jamani! Arudi kwao? Na vile vigelegele vyote? Mama atauweka wapi uso wake? Akaenda kukaa kwenye baraza la maktaba, alikokuwa akijibanza na wenzake wasio na vitanda, Digidigi, Kindi na Nungunungu. Akalia kidogo, akapangusa pua, akaanza kufikiri.

Maana Pimbi alikuwa ameona jambo moja. Pale chuoni hakuna aliyetaka kuonekana mgeni. Ukiona migongo imepangana, unapanga wako, halafu ndiyo unauliza. Na unayemuuliza naye hajui, ila atakufa kabla hajasema hajui.

Jumamosi ikafika. Nyuma ya jiko la chuo palikuwa na ukuta mtupu, hauna mlango, hauna dirisha. Pimbi akausogelea, pua karibu iguse plasta, akasimama. Akasimama tu.

Swala akapita. "Foleni ya nini hii?"

"Sina hakika, lakini ukikosa, shauri yako."

Swala akasimama nyuma yake. Ngiri akapita. "Foleni ya nini hii?"

"Sina hakika," akasema Swala, "lakini ukikosa, shauri yako."

Ngiri akasimama. Pundamilia akasimama. Kima akasimama, akawashikia nafasi na binamu zake. Twiga akasimama, akainua shingo, akasema, "Mbona upande wa pili sioni kitu?" Wote wakamgeukia: "Nyamaza wewe, utatuharibia!" Foleni ikapita jiko, ikapita maktaba, ikakata kona mpaka chini ya dirisha la Fisi.

Fisi akatoa kichwa. "Foleni ya nini hiyo?"

"Hatuna hakika, lakini ukikosa, shauri yako!"

Fisi akameza mate, glup! Foleni ndefu vile, tena inaelekea jikoni? Nyama hiyo, kitu kingine hakuna! Akaruka dirishani, puu! Mnadhani alikwenda mwisho wa foleni? Wapi! Alipita ubavuni akisukuma watu, "Nina dharura! Nina dharura!" mpaka mbele kabisa.

"Toka hapo, mbilikimo wewe!"

"Kaka, nihurumie!" Pimbi akalia kwa sauti. "Nipige, nitukane, lakini nafasi hii usininyang'anye!"

Fisi akamtupa kando, tifu! Pimbi akajikung'uta vumbi, akatimua mbio, chapu chapu chapu.

Fisi akabaki anatazamana na ukuta. Akautazama juu, akautazama chini. Akataka kuondoka. Mara Swala akamuuliza kwa adabu, "Kaka, wewe ndiye mwenyeji. Wanafungua saa ngapi?" Foleni nzima ikatega masikio. Hebu niambieni, mwaka wa tatu mzima aseme hajui?

"Muda si mrefu," akasema Fisi, akakunja mikono. "Mambo ya chuo yana utaratibu wake."

Huku bwenini, Pimbi na wenzake wakavitenganisha vitanda, kwaruu, kwaruu! Kila mmoja akarukia chake. Kekeke-keke! Bi Kanga huyo mlangoni.

"Fisi yuko wapi?"

"Yuko kwenye foleni, matroni."

"Foleni ya nini?"

"Hatuna hakika, lakini..."

"Mungu wangu, isije ikanipita!" akasema Bi Kanga. "Haya, nimewakuta, vitanda ni vyenu." Akatoka mbio, kanga wa watu.

Wakubwa wa chuo nao wakachungulia kutoka ghorofani. "Alaa! Wanafunzi wanangoja huduma na sisi hatuna habari?" Akaitwa fundi na nyundo, go! go! go! Akatoboa dirisha ukutani. Ikaletwa meza, akaletwa Kasuku awe karani. Kasuku akamtazama Fisi, akapiga miayo. "Mtandao unasumbua. Njooni Jumatatu."

Foleni yote ikapumua kwa furaha. "Walau tumejibiwa!"

Fisi akarudi chumbani, njaa inamkata. Akakuta vitanda vina wenyewe. Akanguruma, ngrrr! Nungunungu akasimamisha miiba, chaa! Fisi akalainika.

"Pimbi, mdogo wangu, basi nibebe." Maana pale chuoni asiye na kitanda huomba abebwe, yaani walale wawili kitanda kimoja.

"Ningekubeba, kaka, ila mimi mgeni, sijui taratibu. Kamuulize Bi Kanga."

Na Bi Kanga alikuwa wapi? Ukutani, kajipenyeza nyuma ya Ngiri, amejiwekea kigoda, anaingoja Jumatatu. Fisi akajaribu kumfikia, foleni nzima ikamzomea, "Nyuma! Nyuma!" Akaenda kusimama mwisho, nyuma ya binamu wa mwisho wa Kima.

Basi funzo ni hili, watoto wangu. Mkifika chuo kikuu, semeni kweli, waheshimuni waliowatangulia, na msisimame mahali msipojua. Pimbi hakufuata hata moja, na aliishia pabaya sana. Leo ni profesa.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Penye utamu, chukueni mkalale nao. Penye uchungu, niachieni mwenyewe.