Pimbi na Mkia wa Sentensi

Paukwa!

— Pakawa!

Wa kule nyuma, mmelala?

— Tu macho!

Basi niazimeni masikio, ulimi ninao mwenyewe.

Hapo kale Kiingereza kilipoingia mwituni, wanyama walishikwa na wazimu. Ukipiga chafya kwa Kiingereza, unapewa kiti. Na hakuna aliyekitamani kiti kile kama Bwana Fisi. Kiingereza chake alikuwa amekiokota vipande vipande kama mifupa ya jalalani, na alikisema kwa sauti kubwa ili watu wasione kilivyovunjika.

Sasa Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, mnene, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Bibi huyu alikaa na wanawe jabalini, chini ya dirisha la shule ya sekondari. Mwalimu wa Kiingereza akifundisha, Pimbi anatafuna majani, anasikiliza. Wanafunzi walisahau. Pimbi hakusahau.

Asubuhi moja yuko malishoni, mara puu! Fisi kamkalia.

"Leo nakula," akasema Fisi, udenda ukimtoka churuchuru.

Moyo wa Pimbi ukaenda du-du-du. Akawawaza wanawe, yule mdogo bado ananyonya. Alitaka kulia, jamani, na nani angemlaumu? Ila akakumbuka kuwa machozi ni chumvi, yatamkoleza tu.

"Nile, Bwana Fisi," akasema. "Lakini ndio unile kimya kimya hivi, kichakani, kama fisi asiyesoma? Leo kuna baraza kwa Mwenyekiti Ndovu. Mnyama mwenye hadhi hutangaza mlo wake barazani. Tena kwa Kiingereza."

Fisi akasimamisha sikio. "Eti eh? Nitasemaje?"

"Sema, 'Pimbi is the one I shall eat with.'"

Fisi akakunja uso. "Hiyo 'eat' naijua, ni kula. Pimbi ndiye nitakayemla. Sasa hiyo 'with' huko nyuma ya nini?"

"Huo ni mkia, bwana wee! Sentensi ya mkubwa haitoki nje bila mkia. Kwani wewe hutoka ukauacha wako nyumbani?"

Fisi akageuka, akautazama mkia wake, akauona upo, akaridhika.

Wakaenda barazani, Pimbi kabanwa kwapani. Wanyama walikuwa wamejaa tele. Na sheria ya baraza lile ilikuwa moja: neno likishatoka mbele ya Ndovu, halimezwi tena. Ndovu naye Kiingereza alikijua barabara, maana ujana wake wote aliumalizia kwenye kambi ya watalii akiwadokolea ndizi.

Fisi akapanda juu ya kichuguu. Akakohoa, koho-koho. "Pimbi is the one I shall eat... wizi!"

Nyani akaruka. "Wizi? Nani kaiba?"

"With! Ni 'with', mshamba wewe!"

Ndovu akapepea masikio, fwa-fwa. "Tumesikia. Bwana Fisi anasema Pimbi ndiye atakayekula naye. Ni karamu, jamani!" Vigelegele vikapigwa.

Fisi akaduwaa. "Siyo! Si kula naye, ni kumla! Pimbi, mkia wako umeniharibia!"

"Pole, jirani," akanong'ona Pimbi. Moyo wake bado unakwenda du-du-du, kwani kucha za Fisi zilikuwa bado ubavuni mwake. "Mkia ukikusumbua huko nyuma, ulete mbele. Ila ukija mbele unaheshimiwa. Nyuma yake anafuata 'who', na yeye kwa adabu hufumba mdomo, anakuwa 'whom'. Mmm! Sema, 'Pimbi is the one with whom I shall eat.'"

Fisi akasema. Ile mmm aliifumba mpaka mashavu yakatuna.

Ndovu akainuka. "Lo, salaale! Mara ya kwanza alisema kikawaida, sasa amesema kwa heshima. Na maana ni ileile: Pimbi ndiye atakayekula naye. Mara mbili, mbele yangu! Leteni sinia moja."

Sinia moja, naam. Na mgeni huulizwa anakula nini. Pimbi akaulizwa, akasema anakula majani.

Basi Fisi yule akakaa kitako mbele ya lundo la majani, anatafuna nyaku-nyaku, machozi yanamdondoka. Pimbi alimwonea huruma, kweli kabisa. Akamchagulia machipukizi laini, akamsogezea upande wake.

"Kula, jirani. Hayo hayana nyuzi."

Fisi akameza kwa shida, gwii. "Pimbi, hebu niambie. Ile 'with' ningeiacha kabisa, ingekuwaje?"

Pimbi akatazama njia ya jabalini. Wanawe walikuwa wanakuja mbio, tiri-tiri-tiri, yule mdogo nyuma kabisa.

"Ungeonekana hujasoma," akasema, akampa jani jingine.

Ngano imekwisha, chungu kimekauka. Anayetaka ukoko akwangue mwenyewe.

Na funzo lake, wanangu: vineno vidogo vidogo visiwasumbue vichwa. Shikeni yale makubwa tu, ndiyo yanayoshibisha. Kamuulizeni Fisi.